Picha Nilizomsafishia Baba

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na leo hiyohiyo baba amelazwa. Tumbo linamsumbua tangu mwaka jana, naye amekuwa akimeza dawa za kiungulia na kutuambia tusimfanye mgonjwa. Asubuhi alisimama kuwalisha samaki wake akashindwa kuinua mkono. Nikampigia kaka. Kaka ni fundi wa lifti. Akaja na gari la kazini lenye ngazi juu yake, tukabanana watatu kiti cha mbele.

Kabla ya kutoka baba alisimama mbele ya tangi. Liko sebuleni, refu kama kitanda, na tangu mama afariki ndilo analolitazama jioni badala ya televisheni. Kaka alipiga honi mara mbili.

"Mara moja kwa siku," baba akaniambia. "Kidogo tu. Watajifanya wana njaa. Usiwasikilize."

Jumanne, 4 Machi

Wodi ya wanaume, ghorofa ya pili, kitanda cha tano, karibu na dirisha. Neno lake la kwanza:

"Wamekula?"

"Wamekula, baba."

"Umewaona wakila, au unasema tu?"

Baba alisoma mita za maji miaka thelathini na moja, nyumba kwa nyumba, na haamini kitu ambacho hajakisoma kwa macho yake. Anataka picha. Kila siku moja, kabla ya kulisha, niitume kwenye simu yake. "Nikiwaona nitajua hali zao," akasema.

Alhamisi, 6 Machi

Kupiga picha samaki nilidhani ni jambo dogo. Dirisha limejiakisi kwenye kioo cha tangi, taa imeyapaka maji rangi ya buluu, na kila mahali kuna chembe za chakula na mapovu. Samaki wenyewe hawatulii. Wako malaika wawili, dume na jike, wenye mapezi marefu kama shela. Wako wadogo kumi na wanne wenye mstari wa buluu, ambao baba anawaita Wanafunzi kwa sababu hawatembei ila kundi zima. Na chini kwenye mchanga wako Wafagizi watatu.

Sikuweza kumtumia mgonjwa picha chafu kama ile. Nikaifungua kwenye kompyuta, nikaondoa dirisha, nikapunguza buluu, nikafuta chembe moja moja kwa brashi. Dakika arobaini. Ndiyo kazi yangu studio ya picha: kurekebisha chunusi, makovu, meno, kola zilizojikunja. Bosi ananiita Daktari wa Ngozi.

Baba hajawahi kuipenda kazi hii. Siku moja aliwaambia wageni, mimi nimesimama na sinia la chai, "Huyu wangu anawadanganya watu sura zao." Wageni wakacheka. Nami nikacheka.

Jioni akapiga simu. "Hii umeipiga wewe?"

"Mimi."

"Haya." Kisha: "Ni nzuri."

Nikairudia ile picha, nikaitazama upya.

Jumapili, 9 Machi

Mvua kutwa. Kaka na mimi tumeenda pamoja hospitali. Amembebea baba machungwa ambayo baba hawezi kuyala. Kaka akiwa na hofu hununua vitu.

Jumatano, 12 Machi

Daktari, mama mmoja mpole mwenye sauti ya uchovu, ametuita kwenye chumba chenye viti viwili. Yeye mwenyewe akasimama. Ni ini, akasema. Ni saratani, na imeshasambaa. Kaka akauliza kuhusu upasuaji, akajibiwa. Akauliza kuhusu hospitali nyingine, akajibiwa. Halafu akawa anachezea funguo za gari.

"Muda gani?" nikauliza mimi.

"Miezi. Si mingi. Pengine wiki."

Kwenye ngazi kaka akanishika mkono. "Mzee asiambiwe."

"Kaka, ni mwili wake."

"Akiambiwa atalala ageukie ukuta, basi. Unamjua. Tutamwambia ni vidonda vya tumbo. Vidonda vinapona."

"Na akimuuliza daktari?"

"Hatauliza. Wewe mtumie samaki wake. Anafurahi. Mwache afurahi."

Nikatikisa kichwa. Sijui kulikuwa kutikisa kwa ndiyo au kwa hapana. Kaka alikuchukua kama ndiyo, nami sikumsahihisha.

Tukarudi wodini. Kaka akatangaza vidonda vya tumbo kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. Baba alimtazama, akanitazama mimi, akasema, "Afadhali."

Ijumaa, 14 Machi

Kazini. Bibi harusi mmoja ametaka nimfute wifi yake kwenye picha zote ishirini na sita. Nimemfuta. Nimesahau mkono wake begani mwa bibi harusi. Bosi amecheka mpaka akakohoa.

Jumatatu, 17 Machi

Siku ya tatu umeme unakatika adhuhuri na kurudi jioni. Mvua imeangusha nguzo, wanasema. Bila umeme hita ya tangi haifanyi kazi, wala pampu. Kipimajoto kinasoma ishirini na mbili. Baba hutaka ishirini na sita. Nimelifunika tangi blanketi. Sijamwambia, asije akahangaika.

Jumatano, 19 Machi

Picha ya leo imenisumbua. Vichembe vyeupe, vidogo kama chumvi, vingine vimeangukia juu ya mikia ya samaki wenyewe. Ni mapovu, tangu umeme uanze kurukaruka, pampu inapiga chafya. Nimevifuta kimoja kimoja. Nimeyang'arisha na macho ya malaika kidogo.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimemkuta baba amekalishwa kitandani, simu mkononi, wagonjwa wawili na nesi wamemzunguka.

"Mzee, hapa ni kwako au ni televisheni?" nesi akauliza.

"Ni sebuleni kwangu. Binti yangu ndiye anayepiga."

Binti yangu ndiye anayepiga! Nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Walipoondoka akaniambia, "Maji ni safi kuliko nilivyoyaacha. Sikujua una mkono wa samaki." Kisha, akitazama shuka: "Kazi yako ile nilikuwa siijui. Nilikuwa naisema tu."

Nina umri wa miaka thelathini na nne. Nimesubiri maneno hayo tangu nianze kazi. Macho yake yameanza kuwa ya manjano.

Jumanne, 25 Machi

Vichembe vimezidi. Saa nzima ya brashi. Malaika dume anajisugua kwenye jiwe, labda anacheza.

Alhamisi, 27 Machi

Nimeamka nikakuta Mfagizi mmoja amelala ubavu kwenye mchanga, mdomo wazi.

Nikampigia Fundi Pampu. Ni rafiki yake baba tangu kabla sijazaliwa, anatengeneza pampu za visima na ana matangi manne nyumbani kwake. Alikuja na mvua yake mabegani, hakutaka hata taulo. Akainama mbele ya kioo. Akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena.

"Haya madoa yana muda gani?"

"Madoa gani, baba mdogo?"

Akakishika kidole changu akakiweka kwenye kioo, mbele ya malaika jike. Mkia wake ulikuwa kama umenyunyiziwa chumvi.

"Hayo ni mapovu," nikasema.

"Mapovu hayamfuati samaki anakokwenda, mwanangu. Huu ni ugonjwa. Maji yakipoa unawashika. Ukiwahi mapema ni kazi ya siku kumi, wanapona. Hawa wameshaliwa mpaka kwenye mashavu." Akaninyanyulia macho. "Si nasikia baba yako anapata picha kila siku? Mtu yule huona doa la samaki akiwa mlango wa barabarani. Imekuwaje asione?"

 Aliandika jina la dawa kwenye karatasi, akapandisha hita mpaka thelathini, akanionyesha jinsi ya kutoa robo ya maji na kurudisha mengine yaliyokaa kwenye ndoo usiku kucha. Alipofika mlangoni akasema, "Mwambie mwenyewe. Anaweza kujua jambo ambalo mimi silijui."

"Nitamwambia."

Alipoondoka nikafungua folda. Studio tumefundishwa kutofuta picha ya asili, kwa hiyo zote zipo, mbichi, kama zilivyotoka. Ya tarehe 18 haina kitu. Ya tarehe 19 ina madoa manne kwenye mkia wa jike na mawili kwenye Mwanafunzi mmoja. Nikaweka kando yake ile niliyomtumia baba. Safi. Macho yanang'aa.

Alinipa kazi ya kumpa macho, nami nikawa nayafumba. Siku nane mfululizo alitazama picha zangu akitafuta kitu hichohicho nilichokuwa nimekifuta. Wala sikukifuta kwa uvivu. Nilikifuta kwa saa nzima, kwa uangalifu, huku nikisubiri simu yake ya jioni.

Ijumaa, 28 Machi

Sijamwambia. Nimemtumia picha ya tarehe 10, nimehamisha jani moja na kupunguza mwanga kidogo ili isifanane.

"Nzuri," amesema.

Jumapili, 30 Machi

Wanafunzi watano wamekufa. Mfagizi wa pili pia. Nawafukia uani, karibu na ukuta, chini ya mwavuli. Jirani amenichungulia dirishani akadhani napanda kitu, amenipa hongera.

Baba ametapika mara tatu leo. Katikati ya kutapika aliniuliza kama Wanafunzi bado wanatembea kwa mstari. Kaka alikuwepo, akajibu kabla yangu: "Kama jeshi, mzee!" Nilimchukia kwa ule wepesi wake. Halafu nikakumbuka wangu.

Jumatano, 2 Aprili

Malaika dume. Nilimkuta juu, pezi moja likitoka majini. Jike anazunguka upande mmoja wa tangi na haendi wa pili.

Nimemtumia baba picha yao wawili.

Ijumaa, 4 Aprili

Nina picha safi tisa za zamani. Nazizungusha: hii nakata pembeni, hii nageuza kama kwenye kioo, hii nabadili rangi ya mchanga. Natumia muda mwingi kwa samaki waliokufa kuliko niliowapa walipokuwa hai. Waliobaki ni jike, Mfagizi mmoja na Wanafunzi sita. Dawa inageuza maji kijani. Nawaweka kwenye joto la thelathini na nawaomba msamaha kwa sauti, kama mwehu.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua kubwa kuliko zote. Maji yalipita juu ya viatu vyangu kwenye geti la hospitali.

Baba hakuwa amekaa. Alikuwa amelala chali, simu kifuani. Amekonda mpaka pete imefungwa uzi. Nilipoketi hakuniuliza kama wamekula.

"Jike wangu," akasema, "ana doa jeusi ubavu wa kushoto. Tangu nimnunue. Akielekea kushoto, doa unaliona. Akielekea kulia, hulioni, kwa sababu ubavu ule uko nyuma."

"Ndiyo, baba."

"Picha ya leo ameelekea kulia." Akanipa simu. "Na doa ninaliona."

Mvua ilikuwa inapiga dirisha. Mgonjwa wa kitanda cha nne alikuwa anasikiliza redio.

"Umeigeuza."

"Nimeigeuza."

"Kwa nini mtu ageuze picha ya samaki?"

Nikaanza kulia. Akangoja. Baba anajua kungoja. Miaka yote ile alingoja milangoni kwa watu mpaka mbwa wafungwe, ndipo afunguliwe.

"Wamekufa wangapi?" akauliza.

"Kumi na moja."

Akafumba macho. Midomo ilikuwa inahesabu, nikaona, anatoa kumi na moja kwenye kumi na tisa. "Kesho njoo na kompyuta," akasema. "Njoo na zile ambazo hujazigusa."

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeomba ruhusa kazini. Saa tisa nilikuwa kando ya kitanda chake, kompyuta kwenye meza ya chakula ile ya magurudumu. Nikamfungulia tangu ya kwanza. Alinikataza kupeleka mbele haraka. Kila picha aliisoma pembe kwa pembe, pua karibu na kioo, na mara nyingine akinuna kwa sababu ya jani lililooza ambalo nilikuwa nimelifuta.

"Hapa uliwazidishia chakula."

"Ndiyo."

"Hapa umeme ulikatika. Wamekaa chini wote."

"Ndiyo, baba. Siku tatu."

Tukafika tarehe 19.  Kisha akaweka kidole juu ya mkia wa jike, alama ya kidole ikabaki.

"Hapa," akasema. "Siku hii. Ningekwambia pandisha joto, badilisha robo ya maji, usilishe siku mbili. Wangepona wote."

Nikasema nisamehe. Nikasema nilitaka apate kitu kizuri cha kutazama. Nikasema yote, hata lile la sinia na wageni, ambalo sikujua kama bado ninalo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikukosea siku ile," akasema. "Sikujua umesikia." Akakifunga kifuniko cha kompyuta taratibu kwa mikono yote miwili. "Miaka thelathini na moja watu wamenisihi niandike namba nyingine. Kina mama wenye watoto mgongoni. Sikuwahi kuandika namba nyingine, na sikuwahi kuwachukia kwa kuniomba. Kwa hiyo sikuchukii. Lakini sasa nakuuliza, na unisomee kama ilivyo. Daktari aliwaambia nini?"

"Vidonda vya..."

"Mwanangu."

Nikatazama mlango. Kaka huja saa kumi na moja. Ilikuwa saa kumi na nusu.

Nimemwambia. Neno la ugonjwa, mahali ulipofika, na zile wiki. Nilimwambia nimeshika mguu wake juu ya shuka, kwa sababu mikono yake bado ilikuwa juu ya kompyuta. Yaliyofuata siwezi kuyaandika leo.

Jumanne, 8 Aprili

Kaka amenipigia simu nikiwa kazini. Baba amemwambia, kuhusu samaki na kuhusu ini. Nilitoka nje nikasimama chini ya bati la mlango.

"Umemuua kabla ya siku zake."

"Aliniuliza."

"Ungesema hujui! Mtu akiuliza si lazima ajibiwe! Wewe umewakosea samaki, ukaona umtupie na hili!"

Sina hakika kama hakusema kweli. Akakata. Bosi ameniona nikirudi nimelowa, akanipa leso bila mzaha wowote.

Alhamisi, 10 Aprili

Baba amerudi nyumbani. Ameomba mwenyewe, amesaini mwenyewe, na daktari amempa dawa za maumivu kwenye chupa ya kahawia. Fundi Pampu ndiye aliyetuleta. Kaka hakupokea simu.

Tumeweka kitanda sebuleni. Alitazama tangi lile kubwa na wale wanane ndani yake, maji yana kijani cha dawa, kioo kina ukungu. 

"Mfagizi huyu ni yupi?" akauliza.

"Sijui, baba. Sikuwa nawatofautisha."

"Ni yule mwenye sharubu fupi. Mkorofi." Na akacheka, kicheko kikageuka maumivu, nikaleta chupa.

Jumapili, 13 Aprili

Amempigia simu shangazi, dada yake, ambaye hawajasemeshana miaka sita kwa ugomvi ambao kila mmoja anausimulia tofauti. Nilisikia upande mmoja tu. "Naumwa. Hapana, siponi. Nimeambiwa. Ndiyo, nina hakika. Basi njoo, uje unitukane hapa hapa."

Shangazi amefika na mabegi matatu. Ametukana kidogo, kisha ameingia jikoni.

Jumanne, 15 Aprili

Madoa yamekwisha kwa Wanafunzi. Baba amewakagua kwa tochi. Dawa isimamishwe, joto lishushwe taratibu, nusu digrii kwa siku. Ananifundisha yote, nami naandika. Hajawahi kunifundisha kitu kwa subira hivi. Baiskeli alinifundisha kwa kuniachia.

Ameuliza kama kaka amepiga simu. Nimesema hajapiga. Ingekuwa rahisi sana kusema jambo jingine.

Jumamosi, 19 Aprili

Kaka amekuja. Alisimama kizingitini, funguo mkononi, akatazama kitanda na kuinamisha uso. Mimi hakunisalimu.

Baba akasema, "Kucha zangu zimekuwa ndefu. Dada yako anaogopa kuniumiza, na shangazi yako haoni."

Kaka akavua viatu. Akaketi kwenye stuli akauweka mguu wa baba juu ya paja lake. Mtu anayefungua bolti za mashine za tani nzima kwa mikono ile, alikata kucha kumi kwa zaidi ya nusu saa. Hawakuzungumza habari za ugonjwa. Baba alimuuliza kuhusu lifti moja ya ghorofa kumi na mbili inayokwama kila siku, kaka akaeleza, baba akatoa ushauri ambao haukuwa na maana yoyote, kaka akasema, "Nitajaribu, mzee."

Nikiwa jikoni niliwaza kwamba siku zote nimemwona kaka kama mtu anayetuamuru. Leo nimemwona mgongo tu, umeinama juu ya mguu ule, na ulikuwa mgongo wa mtu mwenye hofu.

Aliondoka bila kuniaga.

Jumatano, 23 Aprili

Hali ngumu. Chupa ya kahawia kila baada ya saa nne.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua imepungua. Baba hazungumzi tangu asubuhi. Shangazi anampangusa midomo. Tumemgeuza aelekee tangi.

Jumatatu, 28 Aprili

Baba amefariki saa moja na dakika kumi asubuhi. Shangazi na mimi tulikuwepo. Kaka alifika saa moja na nusu.

Jumapili, 11 Mei

Siku kumi na tatu sijaandika. Watu wamekuja, wamekula, wamekwenda. Shangazi ameondoka jana na mabegi yake matatu na koti la baba. Jua limewaka siku nne mfululizo.

Leo mchana kaka amekuja peke yake. Nilikuwa nabadilisha maji, ndoo miguuni. Alichukua ndoo iliyojaa akaenda kuimwaga, akarudi na nyingine. Tukafanya kazi hiyo mpaka ikaisha. Kisha akakaa kwenye kiti cha baba, nami sakafuni.

"Ile siku," akasema. "Hospitali. Ulipomwambia."

"Ndiyo."

"Alilia?"

Nikajua kwamba hicho ndicho alichokuja nacho, na kwamba amekibeba tangu siku ile, kwenye mazishi na kwenye ile stuli. Pia nilijua jibu analolitaka. Ningeweza kusema baba alishukuru, alitulia, alitabasamu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, na yangemfaa.

"Alilia, kaka," nikasema. "Sana. Alivuta shuka akajifunika kichwa, akaita jina la mama. Alisema hataki. Alisema bado hajamaliza. Mgonjwa wa kitanda cha nne alizima redio. Ilikuwa kama robo saa. Nilidhani nimemvunja."

Kaka alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Halafu?"

"Halafu akajifunua, akaniuliza kama kuna chai. Nikamletea, akanywa nusu kikombe. Akasema, 'Kaka yako asijue kwamba nimelia. Ataumia.'"

Kaka aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nikasogea nikakaa karibu na miguu yake. Sikumwambia anyamaze.